Siku Nne Kisiwani Mfangano

Kila tukifungua shule walimu wetu hutuagiza tuandike insha kuhusu likizo, na kila mara nusu ya darasa hujipeleka Mombasa kwa kalamu. Kuna wenzetu ambao hawajavuka hata Rongo, lakini kwenye karatasi wameogelea Bahari Hindi, wamepanda ngamia na kushiba biriani. Siwalaumu, insha ni insha. Ila safari hii ninayo likizo ya kweli ya kusimulia, na haina ngamia. Ina kiboko, ina choo, na ina nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi humwita Dani.

Chanzo cha mambo yote ni mjomba. Mjomba alikuwa mvuvi wa mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu karibu kuwamaliza na akawatajirisha watu kwa muda. Mbuta wenyewe nao walipoanza kuadimika, na bei ya petroli ikapanda kama moshi, mjomba aliona kwamba anakwenda ziwani kulisha injini badala ya kulisha watoto. Akaiuza injini. Pesa zile akajengea nyumba ndogo ya mbao katika shamba la Dani kule Mfangano, ikitazama maji, ili watu wa mjini waje kupumzika.

"Watu wa Nairobi wamechoka," alimwambia mama siku moja alipotutembelea Migori. "Wanataka mahali ambapo simu haiwezi kuwapata."

"Na watalipia hilo?" mama akauliza.

"Watalipa, dada. Watalipia giza na kimya."

Mama alicheka mpaka akaweka chini ungo wa omena. Mama huuza omena sokoni Migori, na yeye hajawahi kukutana na mtu anayelipia giza. Lakini kumbe mjomba hakuwa akibahatisha. Mume na mke kutoka Nairobi walikuwa wamekubali kuja Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, walale usiku tatu, na walikuwa wametuma nusu ya pesa. Nusu hiyo ilikwisha kuwa godoro, neti na misumari. Nusu iliyobaki, mjomba alikuwa amemwahidi mama, ingekuwa ada yangu ya muhula wa tatu. Kwa hivyo, msomaji, unaweza kusema kwamba masomo yangu yalikuwa yamelazwa juu ya kitanda kisiwani, yakingoja mtu aje kukilalia.

Kwa kuwa mjomba ni mtu makini, alitaka nyumba ijaribiwe kwanza. Akatuita mimi na binamu yangu. "Kaeni humo kama wageni," alisema. "Mkiona kasoro, semeni. Msinionee haya."

Jumatatu tarehe 5 tulifunga safari majogoo yakiwika. Matatu ilitupitisha Awendo, harufu ya sukari ikituingia puani na matrekta ya miwa yakituziba barabara, tukafika Rongo, tukakata kushoto kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay. Pale Homa Bay mlima Asego umesimama juu ya mji kama mwalimu wa zamu. Kutoka hapo hadi Mbita barabara ni ya lami na makanga alikuwa na haraka kuliko dereva, basi sina mengi ya kusema kuihusu, ila kwamba upande mmoja kuna Bonde la Lambwe na Mbuga ya Ruma. Huko ndiko kuliko na korongo wa mwisho wanaoishi porini katika Kenya nzima. Wengi wetu wa Migori hatujawahi kuwaona. Mimi pia sijawaona. Niliona tu kibao.

Mbita kwenyewe kuna historia ya kutosha kujaza gazeti hili. Ng'ambo ya daraja ni Rusinga, ambako mwaka wa 1948 Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Huko huko ndiko alikozikwa Tom Mboya baada ya kuuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Lakini boti ya Mfangano haimngoji mpenda historia. Ni boti ndefu ya mbao yenye paa la turubai, imepakia magunia ya unga, kreti za soda, godoro, kuku wa watu na watu wenyewe. Tulivaa majaketi ya kujiokoa, tukapita kisiwa cha Takawiri chenye mchanga mweupe na minazi (naam, minazi, hivyo hata sisi tuna Mombasa yetu), na kwa saa moja na zaidi hivi tukateremka Sena. Kisiwa kimeinuka katikati kama nundu ya ng'ombe. Kilele chake, Kwitutu, kinakaribia mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,134, kwa hiyo ukitazama juu kutoka ufuoni shingo inauma.

Kutoka Sena pikipiki ilitubeba, kisha tukaendelea kwa miguu, guu mosi guu pili, hadi kwa Dani.

"Nyakwara!" alisema, akinishika mabega. "Umekonda. Huko shuleni mnakula chaki?"

Sasa niwaelezee nyumba ya wageni. Ni chumba kimoja cha mbao, paa la nyasi, na mbele kuna baraza ambayo ukikaa unaona maji hadi macho yachoke. Kando kuna tangi la kukinga maji ya mvua na bafu la mabati lisilo na paa, kwa hivyo unaoga huku tai akikutazama. Juu ya paa la jikoni kuna paneli ya sola yenye ukubwa wa deski, inayochaji betri, na betri hiyo inawasha taa tatu: moja chumbani, moja barazani, moja bafuni. Nguzo za stima hazijafika upande huo. Simu hushika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi la mbuzi, na lazima usimame wima.

Nyumba ya Dani iko hatua chache kutoka hapo. Humo hakuna sola. Dani hupika akiwa na koroboi ya mafuta ya taa, moshi ukipanda, na jioni ile ya kwanza nilimwona akiinamisha sufuria kuelekea mlangoni aone kama ugali umeiva. Nyuma ya kisogo chake, katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiishi, taa tatu nyeupe zilikuwa zikiwaka ili mimi na binamu tuzikague. Jambo hilo lilinikaa kooni, lakini sikusema kitu. Mtoto hasemi kila anachokiona.

Habari ya sola si ngeni kule. Kati ya 2012 na 2015 watafiti waliokuwa wakipigana na malaria waliziwekea nyumba za Rusinga paneli za sola zilizowasha taa na kuendesha mitego ya mbu yenye harufu ya kumwita mbu kama harufu ya binadamu. Mbu wa aina ya funestus walipungua sana, na malaria nayo ikapungua karibu kwa thuluthi katika nyumba zenye mitego. Binamu alisema watu walizipendea taa kwanza, mbu baadaye. Naamini. Usiku mtu hamwoni mbu, anaona giza.

Hata hivyo sikatai kwamba giza lenyewe lina uzuri wake, na hapo mjomba alikuwa na haki. Tulipozima taa zote usiku ule wa kwanza, mwezi ulikuwa mchanga mno hata haukuonekana, na nyota zikashuka hadi juu ya maji. Halafu binamu akanigusa bega. Kule mbali ziwani kulikuwa na mji. Nasema mji, mataa mamia kwa mamia, yamejipanga na kuyumbayumba. Ilikuwa ni boti za omena. Wavuvi wa omena huvua usiku usio na mwezi kwa sababu omena hufuata mwanga; zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za betri. Kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi huo hufungwa ili samaki wazaane, kwa hiyo sisi tuliwakuta wana siku tano tu tangu warudi kazini. Pengine omena iliyopikwa shuleni kwetu muhula huu ilikamatwa chini ya taa zile. Kwa mgeni hayo ni mandhari, lakini kwa waliokuwa ndani ya zile boti ilikuwa saa sita usiku na wamelowa.

Asubuhi ya Jumanne tulifanya kazi ya wageni, yaani kukaa. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Mimi niliandika orodha ya viumbe nilivyoona kutoka barazani kabla ya chai. Furukombe wawili, mume na mke, wakiitana kwa ile sauti ya kurudisha kichwa nyuma. Mmoja alishuka, akachota samaki kwa kucha bila kulowesha kifua. Mdiria weusi kwa weupe wakielea angani mahali pamoja kama wamening'inizwa kwa uzi, kisha wakidondoka majini puu! Wanandi wamekaa mweleka, mbawa wamezianika. Mijusi wa mawe wenye vichwa vyekundu wakipiga pushapu. Fisi-maji mmoja, kichwa tu, kikatokea na kuzama. Na kenge, mrefu kama mimi nikiwa darasa la tatu, akivuka shamba polepole kama chifu anayekagua mipaka.

Nilipompelekea Dani orodha hiyo kwa fahari, aliisikiliza hadi mwisho, halafu akanisomea yake. Furukombe huiba kifaranga. Fisi-maji hutoboa nyavu. Mdiria hana neno, mwache. Kenge, huyo asimtajiwe, kwani wiki hiyo alikuwa amekula mayai sita. "Na yule mkubwa hukumwandika," aliongeza.

"Yupi, Dani?"

"Utamwona."

Basi usiku wa Jumanne, kama saa nne, tumbo liliniita. Hapa sina budi kueleza choo kilikuwa wapi. Mjomba alikuwa amekichimba mwaka wa 2023 upande wa chini wa nyumba, hatua arobaini na mbili kutoka mlangoni (nilizihesabu), kwa sababu huko udongo ni laini. Upande wa juu ni mawe matupu. Binamu alishika tochi, mimi nikashika karatasi, tukafungua mlango.

Tulisikia sauti kwanza. Ilikuwa kama mtu anararua shuka, pole pole, kipande baada ya kipande. Raa. Kimya. Raa. Binamu akainua tochi. Macho mawili mekundu, yako mbali moja na lingine kuliko macho yanavyopaswa kuwa, na nyuma yake kitu nilichodhani ni jiwe ambalo mchana sikuliona. Jiwe likatafuna.

Lahaula! Sijui mlango tuliufungaje. Tulikaa sakafuni gizani, tochi imezimwa, tukisikiliza nyasi zikiraruliwa baina yetu na choo. Kiboko mzima aweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,500, na kwa usiku mmoja aweza kula kilo 40 za nyasi. Yule wetu hakuwa na haraka. Mchana ngozi yake haistahimili jua, kwa hivyo hushinda majini. Usiku ndio mchana wake. Watu humwona mnene wakadhani ni mzembe, kumbe akikimbia nchi kavu anampita binadamu bila taabu. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Mtu akiyasoma kitabuni na akiyakumbuka sakafuni ni mambo mawili tofauti. Kuhusu haja yangu, ndoo ilikuwepo, na hapo naomba tusonge mbele.

Asubuhi mjomba alipofika kutoka Sena tulimwonyesha nyayo, vidole vinne vinne, na njia iliyolazwa nyasi ikipita katikati kabisa ya nyumba na choo. Alikaa juu ya kisiki akashika kichwa.

"Mwaka jana alikuwa akipita kule chini, karibu na mafunjo," alisema.

"Mwaka jana kule chini kulikuwa na nyasi," Dani akamjibu. "Sasa kuna nini?"

Kulikuwa na maji. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda kupita rekodi yake ya 1964, likala mashamba na vyoo na makanisa ya watu ufuoni kote, na la Dani pia, ile sehemu aliyokuwa akipanda sukuma wiki. Baadaye maji yalirudi nyuma kidogo, ndipo mjomba akachimba. Kisha mvua za masika za 2024 zikalipandisha tena. Malisho ya kiboko yakazama, naye akahamia juu. Yeye hakuvamia mtu. Maji yalimsogeza, sisi tukawa tumejenga mahali aliposogezwa.

Hapo lilizuka shauri, na ndilo lililonifanya niandike habari hii. Zilikuwa zimebaki siku tatu wageni waje.

Wazo la kwanza la mjomba lilikuwa ua wa miiba. Dani alitikisa kichwa: ukimzibia njia atatafuta nyingine, na nyingine iliyopo ni ya mlangoni. La pili lilikuwa kuwapigia wageni simu waahirishe. Lakini wangedai pesa zao, na pesa zenyewe zilikuwa zimelala chini ya neti, zinaitwa godoro. Mjomba alinitazama aliposema hivyo, kisha akatazama kando. Sote wawili tulijua kilichokuwa ndani ya ile nusu ya pili. La tatu alilisema kwa sauti ya chini: kwamba wageni wapewe ndoo ndani, waambiwe tu wasitoke usiku kwa sababu ya baridi. Hakuna haja ya kutaja kiboko, si watatishika bure?

Dani hakupandisha sauti. Alimkumbusha habari za shemeji yake, mdogo wa marehemu babu, aliyekuwa akirudi alfajiri kutoka kutega ndoano. Alikuwa mtu wa hapa hapa. Aliijua njia, aliujua msimu, alimjua hata kiboko mwenyewe kwa kovu la sikioni. Siku hiyo kulikuwa na ndama baina yao na yeye hakumwona. Walimkuta asubuhi.

"Siku hizi kuna fidia," binamu alisema, akitaka kutuliza mambo. "Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa, familia ilipwe shilingi milioni 5."

"Hizo milioni zingemfikisha nyumbani?" Dani akauliza. Kisha akamgeukia mjomba. "Mtu aliyezaliwa hapa kiboko alimshinda. Wewe unataka kumletea mtu wa Nairobi, umfiche. Na akisahau hiyo baridi yako, je?"

Nitasema ninavyoona mimi, ingawa ni mtoto. Mjomba si mtu mbaya. Ukiwa umeuza injini, na macho ya dada yako na mpwa wako yako juu yako, mdomo hutafuta neno jepesi. Lakini Dani alikuwa ameshika jambo ambalo sisi wote tulilizunguka. Wageni walikuwa wanakuja kwa sababu ya wanyama hao hao. Ndivyo mjomba alivyowaahidi, kisiwa cha ndege na viboko. Huwezi kumuuzia mtu kiboko kwenye simu kisha umfiche kiboko mlangoni.

"Basi tuhamishe choo," mjomba akasema.

Ni rahisi kusema. Jumatano na Alhamisi sisi watatu tulichimba upande wa juu, kwenye mawe. Shimo la kwanza lilifika kiunoni tukagonga mwamba uliolia kama kengele ya shule. Tukasogea hatua nne, tukaanza upya. La pili lilikubali, ila kwa kinyongo: kila futi moja ya udongo ilidai jiwe lake, na kila jiwe lilidai mtaimbo na watu wawili. Viganja vyangu vilitoa malengelenge, yakapasuka, yakatoa mengine. Yule kenge alikuja mara mbili kututazama kutoka juu ya kichuguu, Dani akamfukuza kwa mwiko. Adhuhuri upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma alituletea uji wa wimbi wenye ndimu, na naapa hakuna soda iliyowahi kunishukia vizuri vile.

Katikati ya mapumziko binamu alinipeleka mlimani nikaone michoro ya Kwitone, kwa ruhusa ya wazee, maana mahali pale huheshimiwa. Ni duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, zimechorwa ukutani mwa mwamba na watu waliokuwa wakiwinda na kuokota matunda hapo kabla Wasuba hawajavuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Wenyeji huihusisha na mambo ya mvua. Nilitamani kukaa, lakini shimo lilikuwa linangoja, na nadhani ndiye mtu wa pekee aliyewahi kushuka kutoka Kwitone akiwaza kuhusu choo.

Alhamisi jioni nilisimama ndani ya shimo na sikuona nje. Mjomba alihamishia mbao na mabati usiku huo huo kwa mwanga wa taa ya baraza, nasi tukalifukia lile la zamani. Njia mpya ya kwenda chooni ilipita nyuma ya nyumba, hatua kumi na tisa, na haikukutana na nyasi hata moja ya mkubwa. Usiku huo alikuja kama kawaida. Tulimtazama kutoka dirishani, taa zote zimezimwa. Alipita palipokuwa na choo, akasimama, akanusa udongo mpya, akaendelea kula.

Ijumaa asubuhi tuliondoka na boti ya kwanza, kabla ziwa halijachafuka. Wageni walifika kesho yake. Habari zao nilizipata Jumatatu, mjomba akiwa amesimama juu ya jiwe la mtandao, mbuzi wakisikika nyuma yake. Aliwaeleza kila kitu hata kabla hawajashusha mizigo: njia ni hii, saa ni hizi, usiku hakuna kushuka chini ya baraza. Yule mama alinyamaza kwa muda, akauliza kama wangeweza kuzima taa ili wamwone vizuri zaidi. Walikaa barazani hadi saa saba usiku. Dani alikaa nao. Hajui Kiingereza na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi, lakini mjomba alisema walielewana.

Walilala usiku mbili badala ya tatu, kwa kuwa mzee yule aliitwa kazini. Kumbe simu yake ilishika mtandao hata bila jiwe. Wakalipia usiku mbili. Kwa hivyo ada yangu ilipungua, na pengo hilo mama alilijaza kwa omena, debe baada ya debe, hadi wiki ya tatu ya muhula. Stakabadhi ninayo, mwekahazina wa darasa ameiona.

Kabla mjomba hajakata simu Dani aliiomba.

"Nyakwara, hebu niambie. Hao watu, kwao Nairobi wana stima?"

"Wanayo, Dani."

"Inayowaka?"

"Inawaka, mara nyingi."

"Na wametoka huko kote, wakalipa, ili waje kuzima taa kwangu?"

Alicheka hadi nikamsikia akikohoa. Halafu akasema kwamba kama ni hivyo, wageni hawahitaji taa tatu. Mjomba alinunua waya mwezi wa Septemba. Ile taa ya baraza sasa iko jikoni kwa Dani, juu ya mlango, na mama anasema ukipiga simu saa moja jioni hapatikani jiweni, yuko ndani anachagua mchele.